Mwenye Nyumba Lazima Alale Humo

Mtu alimkanyaga Bi Funguo kwenye foleni ya baraza la mji, naye akageuka ulimi umeshanolewa. Akakutana na fundi lifti mwenye ovaroli ya buluu na harufu ya grisi. Matusi yakamkauka mdomoni.

"Samahani, dada. Nikulipe kidole au nikununulie chai?"

"Chai. Kidole bado nakitumia."

Kuanzia hapo wakawa chanda na pete. Ila fundi alipomwambia, "Tuoane, mpenzi, uhamie kwangu," Bi Funguo aliomba muda afikiri. Nyumba aliyoachiwa na marehemu mama yake ilikuwa na vyumba viwili vya kupangisha wageni wapitao, ndivyo vilivyomsomesha mdogo wake. Majirani walimpa yeye jina la Bi Funguo kwa funguo zilizolialia kiunoni mwake. Na kanuni mpya za baraza zilikuwa wazi: mwenye nyumba asipolala humo, kibali cha kupangisha wageni hana.

Alimpigia simu amweleze.

"Siwezi kuhama, laazizi. Kanuni inasema..."

"Kanuni! Sema hunitaki." Papo hapo sauti ya kiume ikacheka nyuma ya Bi Funguo. "Na huyo nani?"

"Mgeni. Anatafuta taulo."

"Basi mpe taulo!" Simu ikakatwa.

Alipiga tena na tena, haikupokewa. Usingizi ukampaa.

Asubuhi moja mkaguzi wa baraza akabisha hodi. "Tumeambiwa huishi hapa," alisema, akifungua kabati, akiinua magodoro. "Nikithibitisha, nafunga leo."

Bi Funguo alimwonyesha chumba chake, kanga kitandani, viatu mlangoni. Mkaguzi akatoa fomu na kalamu.

Mlango ukagongwa tena. Alikuwa fundi lifti, shati jeupe limenyooka kwa pasi, begi kubwa mkononi.

"Huyu naye mgeni wa siku ngapi?" mkaguzi akauliza kwa ukali.

Fundi alimpita. Alimtazama Bi Funguo. "Nimekwenda barazani kuuliza mwenyewe, kanuni ipo kweli. Haya imenishika. Nilikung'ang'ania uhame kana kwamba mimi sina miguu. Nioe hapa hapa, kama bado wanitaka."

"Watu watasema umeolewa wewe," alinong'ona, machozi yakimlengalenga.

"Waseme. Wakichoka watalala."

Mkaguzi akakohoa. "Jamani, nina kazi. Niandike nini? Mgeni au mwenyeji?"

Bi Funguo alilipokea begi, zito kama jiwe, akaliingiza chumbani kwake.

"Mwenyeji," alisema kutoka ndani. "Andika mwenyeji."