Ufunguo Wenye Mabawa Ukutani

Kila Jumamosi, akishafua sare zake za shule na kuzianika, Kamusi humfuata shangazi yake kwenye karakana kuukuu ya treni. Shangazi ndiye mtunzaji wa jengo hilo. Yeye hufungua madirisha, hufagia na kupokea wageni. Kazi ya Kamusi ni kuwatembeza wageni hao, na hapo ulimi wake hupata pa kuchezea.

Wenzake wa darasa la sita walimpa jina hilo la Kamusi kwa sababu hakuna asilolijua kuhusu Walinda Ufunguo, tamthilia ya televisheni iliyowatia wazimu watoto na wakubwa. Vipindi viwili vya tamthilia hiyo vilirekodiwa ndani ya karakana. Tangu hapo wageni humiminika, wengine wakiwa wamevaa majoho ya mashujaa juani huku jasho likiwatiririka, ilimradi wapigwe picha pale shujaa wao alipoangukia.

Lakini karakana ilikuwa na yake kabla ya televisheni. Zamani mafundi waligoma humo baada ya mwenzao kukatwa mkono na mashine na kunyimwa matibabu. Walifungiwa ndani siku kumi na moja, na kila siku walichonga mstari mmoja kwenye ukuta wa nyuma. Babu yake shangazi alikuwa mmoja wao. Wageni wengi waliitazama mistari hiyo nusu dakika, kisha wakauliza, "Na ule ufunguo wenye mabawa uko wapi?" Ule wa kwenye tamthilia ulikuwa wa karatasi tu. Waliorekodi waliubandua wakaondoka nao.

Swali hilo lilimchosha Kamusi. Wiki mbili zilizopita, shangazi akiwa uani, alichukua msumari akachonga ufunguo wenye mabawa kando ya mistari. Ulitoka mwekundu kama kidonda kipya, akaona utamuumbua. Akachanganya masizi ya sufuria na mafuta ya kupikia, akaupaka. Sasa mistari ya zamani ikawa haifanani nao. Kwa kuwa alitaka kazi yake ikamilike, akaipaka yote kumi na moja. Binamu yake Kifimbo, aliyekuwa mlangoni akimlindia, alicheka mpaka akashika mbavu. Shangazi hakugundua, maana upande ule wenye giza ni Kamusi aliyekuwa akiufagia.

Jumamosi iliyofuata aliwaambia wageni kwamba ufunguo ule ulichongwa na mafundi wenyewe. Uongo ulimtoka laini bila kukwama, nao wakampigia makofi.

Jumamosi hii shangazi alikuwa amevaa viatu vyake vya kutokea. Halmashauri ilitaka kulibomoa jengo ili ijenge maegesho ya magari, na mtaalamu wa mambo ya kale alikuwa anakuja kuamua kama kuna sababu ya kulihifadhi. Sababu ilikuwa moja tu, ile mistari.

Mtaalamu alikuwa mwanamke mrefu, si mwongeaji. Alimwamkia shangazi, akatoa tochi na kioo cha kukuzia, akainama mbele ya ukuta kwa muda mrefu. Kisha akapitisha kidole juu ya mstari wa kwanza. Kidole kikatoka cheusi.

"Mama, haya ni masizi mapya," alisema. "Na huu ufunguo wanangu huutazama kila Ijumaa kwenye televisheni."

"Ufunguo gani?" Shangazi alisogea karibu, akautazama kwa mara ya kwanza. "Huu haukuwapo hapa. Labda ni hao wageni."

"Masizi ni yale yale kwenye alama zote. Aliyechonga moja anaweza kuwa amezichonga zote. Siwezi kuandika kwamba ni za zamani."

"Babu yangu alikuwa humu ndani, mwanangu."

"Nakuamini, mama. Lakini ripoti inataka ushahidi." Alifungua daftari lake, akashika kalamu.

Kifimbo alimsogelea Kamusi sikioni. "Nyamaza tu. Ataondoka sasa hivi, hakuna atakayejua."

Kamusi alimwona shangazi ameweka kiganja juu ya mistari kana kwamba anaizuia isiondoke. Shangazi hakumgeukia hata kidogo, wala haikumpitia akilini kwamba angeweza kuwa yeye. Hilo ndilo lililomuuma Kamusi kupita yote.

"Ni mimi," alisema. Sauti ilimtoka ndogo mno, ikabidi arudie. "Ni mimi niliyechonga ufunguo. Mistari niliikuta. Niliipaka masizi ili ifanane nao."

Kalamu ilisimama. Shangazi aligeuka polepole.

"Nitajuaje kwamba sasa ndiyo unasema kweli?" aliuliza mtaalamu.

Kamusi alikumbuka mkono wake ukipaka, na kile macho yake yalichokiona kwa karibu. "Yafute hayo masizi," alisema. "Ndani ya mistari kuna chokaa, nyeupe, halafu ya manjano, halafu nyeupe tena. Ndani ya ufunguo hakuna chokaa. Mimi nilifika kwenye tofali."

Mtaalamu alilowesha pamba kwa dawa kutoka kwenye kichupa, akaanza kufuta mstari wa kwanza. Pamba ikatoka nyeusi. Ya pili ikatoka nyeusi. Kifimbo aliacha kutafuna kucha. Pamba ya tano ilipotoka safi, mtaalamu aliwasha tochi akaweka jicho kwenye kioo.

"Nyeupe," alisema. "Manjano. Nyeupe. Ukuta huu ulipakwa chokaa mara tatu baada ya mstari huu kuchongwa." Akafuta ufunguo. "Na hapa ni tofali tupu."

Alifuta yote kumi na moja, kisha akaandika ukurasa mzima. "Nitapendekeza jengo lihifadhiwe," alimwambia shangazi. "Binti asingesema, ningekuwa nimeshaandika vingine." Shangazi alikaa kwenye sanduku la vyuma, akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa.

"Nitaukwangua ufunguo wangu, shangazi," Kamusi alisema huku akilia.

"Hapana," alijibu mtaalamu akifunga mkoba wake. "Ukikwangua utauharibu ukuta zaidi. Utabaki hapo."

Mtaalamu alipoondoka, Kamusi alikiri pia alichowaambia wageni wa Jumamosi iliyopita. Shangazi alileta kitabu cha wageni. "Wale uliowadanganya ni kumi na wanne, na anwani zao zimo humu. Utawaandikia barua mmoja mmoja."

"Niwaambie nini?"

"Ukweli. Kwanza waambie sina ugomvi na tamthilia yako, hata mimi naiangalia, na ndiyo iliyowaleta mpaka mlangoni. Kisha waambie kwamba hao mafundi hawakuacha barua wala picha. Ukuta huu ndio mdomo wao pekee, nawe ukautia maneno wasiyoyasema. Leo nusura wasisadikiwe hata kwa yale waliyoyasema kweli."

Kamusi alichukua karatasi ya kwanza, akaandika jina la mgeni wa kwanza.