Asifike kwa Mkewe

Bi Tabia wa Kiponda, aliyekuwa akikaa ghorofani mkabala na nyumba ya Mwatum, hakuwahi kukisimulia kisa hiki bila kuapa kwanza kwamba asubuhi ile ya Alkhamisi jua lilikuwa likiwaka. Ilikuwa masika ya mwaka 1967, lakini mvua ilikuwa imepumzika, watu wameanika nguo, na Mwatum alikuwa amesimama dakani, kwenye ukumbi wa mlango wa mbele, akimfunga mumewe kifungo cha shingo.

Mume huyo, Abrahman, alikuwa mfanyabiashara wa kamba za makumbi. Kila Alkhamisi alipanda gari la shamba pale Darajani akaenda Bwejuu kununua kamba zilizosukwa na wanawake wa huko, na kila Jumapili alirudi mjini kuziuza. Kazi ya halali na safari ya halali. Ila miaka miwili nyuma aliona ni tabu kulala kwa watu kila wiki, akaoa huko huko. Tangu hapo Bwejuu ikawa na siku zake tatu na mjini siku nne. Mwatum ndiye aliyepata fungu kubwa, lakini jaribu kumwambia hivyo uone atakavyokugeukia.

Wivu ulimkaa Mwatum kooni. Kila Jumapili alikuwa akiinusa kanzu ya mumewe kabla ya kuifua, akitafuta udi usio wake. Mume akila kidogo, kashiba kwa mke mwenzake. Akila sana, basi mwenzake huko hajui kupika, na bado wivu ulikuwepo. Kisha siku moja, wanakula, Abrahman alinyoosha mkono bila kutazama akasema, "Mwanakheir, hebu nipe maji."

Maji alipewa. Lakini Mwatum aliapa kwamba jina lile halitatoka kinywani mwake mpaka anazikwa. Tangu siku hiyo mke mwenzake akawa "yule wa shamba".

Jumatano, siku moja kabla ya safari hiyo, alikuwa amekwenda Mwera kwa mganga mmoja mwanamke aliyeitwa Bi Hija. Bi Hija alimwekea mbele chungu kitupu.

"Sema humo unalolitaka."

"Asifike kwa mkewe."

"Mkewe nani? Mtaje."

"Simtaji."

"Bi Mwatum, upepo unachukua unachokisikia. Haujui kilichomo moyoni mwako. Mtaje."

"Nshaapa. Jina lile halipiti kinywani mwangu. Asifike kwa mkewe, basi!"

Bi Hija akakifunga chungu kwa kitambaa cheusi. Kitambaa kilivimba, kikashuka, kikavimba tena. Mwatum alijiambia kuwa ni upepo wa dirishani, ingawa chumba kile hakikuwa na dirisha.

Sasa Alkhamisi imefika, na Abrahman yuko dakani na mkoba wake. "Jumapili adhuhuri nshafika, inshaallah," alisema.

"Fika salama," Mwatum alimjibu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili alimwona akiondoka bila ya roho kumuuma.

Upepo ulianza saa sita mchana. Haukuja kidogo kidogo kama pepo nyingine, ulishuka. Nguo zilizoanikwa zilipaa, mabati yalifunuliwa mitaa ya Ng'ambo, na mvua ikapigwa ubavuni hata ikaingia kwa watu madirishani. Ijumaa ndivyo, Jumamosi ndivyo. Wazee waliokuwa wameona masika mengi walijifungia ndani.

Ijumaa jioni dereva wa gari la shamba, Hamad, alipita Kiponda akiwa ametota. Alkhamisi ile mti mkubwa ulikuwa umeanguka pale Jozani, njia ya Bwejuu, akageuza gari.

"Abiria wote nimewarudisha, isipokuwa bwana wako," alisema. "Kateremka, kasema atakwenda kwa miguu."

"Kwa upepo huu?"

"Nimemwambia. Kasema anasubiriwa."

Anasubiriwa! Neno hilo lilimchoma Mwatum kuliko khabari ya mti. Angeweza kurudi kwake, akachagua kutembea ndani ya tufani kwa sababu anasubiriwa na yule wa shamba. Usiku huo alilala akiwa na hasira tamu, akijua kwamba hata akitembea vipi hatafika.

Jumapili alimpikia wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Adhuhuri ilipita. Alasiri, mvua ikiwa imekaza, mlango ulibishwa. Alikuwa yeye, maana Abrahman alikuwa na kubisha kwake: mara mbili taratibu, na ya tatu kwa haraka.

Mwatum alifungua. Hapakuwa na mtu.

Alifunga. Ukabishwa tena.

"Mwatum," sauti ilisema nje, karibu kabisa. "Fungua, mke wangu. Nimechoka."

Alifungua mbawa zote mbili za mlango. Njia ilikuwa tupu, maji yanapita. Lakini mbele ya kizingiti palikuwa na alama za miguu, na mchanga mweupe wa pwani ya Bwejuu.

"Mwatum," sauti ilisema tena, mbele ya uso wake. "Mbona mlango siuoni?"

Hapo ndipo Bi Tabia alipofungua dirisha lake la juu akapiga kelele. "Weye Mwatum! Mumeo kafanya nini? Mbona umemwachia anapapasa ukuta kama kipofu?"

"Yuko wapi?"

"Huyo hapo mbele yako!"

Mwatum alinyoosha mkono. Alishika mvua.

Hakulala. Mpaka alfajiri alisikia kiganja kikipita ukutani, kinakwenda, kinarudi.

Jumatatu asubuhi barabara ilisafishwa, na gari la kwanza kutoka Bwejuu lilimleta mwanamke mwembamba mwenye macho mekundu. Alipiga hodi, akasimama dakani bila ya kuingia.

"Shikamoo, dada. Mimi ndiye Mwanakheir. Bwana amefika kwako?"

Mwatum alitikisa kichwa.

"Ijumaa alikuja kwangu," Mwanakheir aliendelea, sasa kwa kunong'ona. "Nimemsikia. Anabisha, namfungulia, simwoni. Ananiambia mlango hauoni. Kisha akasema, basi nnarudi mjini kwa Mwatum. Nikasema kwako labda atafika."

Mwatum aliyakumbuka maneno yake ya chunguni. Kwa mkewe. Alikuwa amesema asifike kwa mkewe, na wake walikuwa wawili. Alikuwa ameufunga na mlango wake mwenyewe.

Alimwacha mgeni barazani akaenda Mwera mbio. Bi Hija hakushangaa kumwona.

"Mlango wako umeufunga kwa kinywa chako mwenyewe, mimi siuwezi," alisema. "Wengine wanamwona, nyinyi wake zake hamumwoni. Wa mwenzio unafunguka. Chukua chungu. Akibisha, ondoa kitambaa useme afike kwa nani. Mtaje mwenzio kwa jina, ataonekana, atakwenda zake Bwejuu, atapona. Lakini kwako harudi tena. Na usikawie, leo siku ya tano hajala."

"Na nikijitaja mimi?"

Bi Hija alikuwa keshamgeuzia mgongo. "Usijitaje," alisema.

Alasiri wanawake wawili walikaa chini nyuma ya mlango, chungu katikati yao. Mwatum alikuwa amemweleza mwenzake yote. Mwanakheir hakumtukana, alilia tu na kumshika mkono, na mkono ule ulikuwa laini, mchanga, wenye hina mpya. Hina ya kumsubiria. Mwatum aliitazama hina ile kwa muda mrefu.

Mlango ulibishwa. Mara moja tu, kwa unyonge.

"Bi Mwatum!" Bi Tabia aliita kutoka juu. "Amekaa chini! Hawezi tena kusimama!"

"Mtaje, dada," Mwanakheir alinong'ona. "Nakuomba. Nitaje."

Mwatum aliondoa kitambaa. Chungu kilikuwa kinapumua.

"Afike," alisema. "Afike kwa Mwa..."

Akasita. Aliiona nyumba ya Bwejuu, mlango unafunguliwa, mikono ile yenye hina inamvua kanzu iliyotota. Aliwaona wanazeeka pamoja. Yeye hayumo.

"Mtaje!"

"...Mwatum."

Upepo ulikatika. Kisiwa kizima kilinyamaza. Mlango ulifunguka wenyewe, taratibu, ukajifunga. Baridi ya mtu aliyetota ilipita kati ya wanawake wale wawili ikaingia ndani.

"Alhamdulillahi!" sauti ya Bi Tabia ilisikika. "Kaingia!"

Mwatum aligeuka. Palikuwa na mkeka, na taa, na kitanda. Hapakuwa na mtu.

Mwanakheir aliinuka, akajifunika buibui lake. "Umempata peke yako," alisema. "Haya, kaeni." Akatoka, na hakuonekana tena Kiponda.

Maiti ya Abrahman haikupatikana Jozani wala Bwejuu. Mwatum hakuolewa tena na hakuhama. Majirani walikuwa wakimsikia mchana akizungumza, akiuliza, akibembeleza, "Niambie uko upande gani." Bi Tabia alilipigilia misumari dirisha lake la mkabala, na alipoulizwa alikuwa akiona nini kule ndani alisema hataki kuona tena.

Mwatum alifariki mwaka 1972. Waliokuja kumwosha ndio waliouona ukuta. Chokaa ilikuwa imelika, mstari mmoja mpana kama kiganja, kwa kimo cha kifua cha mwanamume, umezunguka chumba kizima. Wapangaji waliofuata walipaka chokaa mpya kabla ya Ramadhani, na kufikia Idi mstari ulikuwa umerudi. Unaanzia kitandani, unapita pembe zote nne, na unapofika mlangoni haukatiki, kama kwamba hapo hapana mlango: umepita juu ya mbao zake, ukaendelea ukutani.