Vidole Ndani ya Mtungi

Mtungi aliouacha bila shingo, aliukuta asubuhi una shingo.

Bi Mfinyanzi, maana ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, alisimama mlangoni pa karakana yake, funguo bado mkononi. Kufuli lilikuwa zima, na dirisha limekomewa. Shingo ile ilikuwa imepinda vizuri kuliko alivyoweza yeye siku hizi, kwani uzee ulikuwa umeanza kumbishia hodi vidoleni. Akajiambia labda aliimaliza jana huku anasinzia. Mtu akichoka sana husahau hata kama amekula.

Na uchovu alikuwa nao. Alifanya yote peke yake: kuchimba udongo, kuukanda, kufinyanga, kuchoma, kisha kuvaa tabasamu na kuwapokea wageni waliokuja kushikashika vyombo na kuondoka wakisema watarudi. Shimo lake la zamani lilikuwa limefukiwa na wajenzi wa barabara, basi akaenda na mdogo wake kuchimba kwingine, kando ya kisima kikavu ambacho watu walikuwa wamekihama. Udongo wa pale ulikuwa mweusi, mororo, hauna hata kijiwe. Mdogo mtu alisema haupendi. Ulikuwa na baridi ya ajabu na harufu ya chumba cha mgonjwa. Lakini naye alikuwa hoi, ana mume aliyepooza wa kumgeuza kitandani na nguo za watu za kufua, kwa hiyo hakubishana.

Tangu hapo, dada mtu akiacha donge, anakuta bakuli. Akiacha bakuli, anakuta limenakshiwa. Aliogopa, ila kusema kweli hofu yake ilikuwa ndogo kuliko nafuu aliyoipata. Akawa anafunga karakana mapema na kwenda kujilaza, na ng'ambo ya ukuta anasikia udongo ukipigwa, pa, pa, pa, kama na mtu asiyejua kuchoka.

Wageni wakaongezeka. Mwalimu mmoja aliyetaka mtungi wa maji alichungulia kwenye shingo nyembamba, akauliza kwa adabu mkono ulipitaje humo. Ndani, tumboni mwa mtungi, palikuwa na alama za vidole vyembamba, virefu mno. Mwalimu akacheka. Kisha akautua mtungi polepole, akaondoka bila kuaga.

Mchana huohuo, jua likiwa utosini, Bi Mfinyanzi alikuwa ananawa mikono alipoona maji yanateleza juu ya vidole vyake bila yeye kuyahisi, akakibonyeza kimoja, kikabonyea na kubaki kimebonyea kama udongo mbichi, na rangi ya kijivu ilikuwa inapanda kuelekea kiganjani, na kabla hajapata sauti ya kuita mtu harufu ile ya chumba cha mgonjwa ikamjia kisogoni pamoja na pumzi baridi, na kule ndani gurudumu la kufinyangia likaanza kuzunguka lenyewe, taratibu, kama linalomsubiri akae.

Mdogo wake ndiye aliyemleta mganga, bibi mkavu kama ukuni, aliyekataa hata kiti. Bibi alinusa karakana, akatoka nje. Akaeleza kwamba jini lile halivunji mlango wa mtu. Huwafuata waliochoka, huwafanyia kazi, na ujira wake ni mikono yao. Haliondoki kwa moshi wala fimbo. Mwenye mikono ndiye wa kuliambia liende.

Bi Mfinyanzi aliitazama mikono yake mpaka mganga akamsogelea.

"Mwanangu, unafikiria nini tena?"

"Bibi, nimechoka."

"Najua. Sema hivyohivyo na uchovu wako."

Akasimama mlangoni. "Kazi yangu nitaifanya mwenyewe," akasema kwa sauti ya chini. "Nenda."

Gurudumu likasimama. Rafuni vyombo vikalegea, kimoja baada ya kingine, vikaporomoka kuwa matope. Mdogo mtu akayazoa na kuyarudisha kisimani kwa toroli, maana mikono ya dada yake ilikuwa haijaamka. Alikawia kurudi. Aliporudi alisema tu kwamba mgongo unamuuma, na kwamba wengine wanapata msaidizi halafu wanamfukuza.

Mikono ya Bi Mfinyanzi ikarudi pamoja na maumivu yake. Akayapokea kama mgeni wa heri.

Alipopata nafasi alikwenda kumjulia hali mdogo wake. Alimkuta barazani mchana kweupe, amenawiri, mikono ameifunika kwa kanga. Uani nguo zilikuwa zinafuliwa.

"Nani yuko uani?"

Mdogo mtu akajivutia kanga. Dada yake akaingiza mkono chini ya kanga, akaushika wake, akauminya. Alipouachia, alama za vidole vyake zilibaki pale pale.

"Mdogo wangu, liambie liende."

"Nitaliambia, dada. Si leo. Leo niache nipumzike."

Uani kufua kukakoma. Kisha chumbani wakamsikia yule mume akiuliza, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini:

"Mke wangu, mbona mikono yako ina baridi hivi?"