Msabaha Hajambo

Msabaha hakuwa na koti lake mwenyewe. Lile alilovaa lilikuwa la kuazima, na mikono yake ilimfunika mpaka ncha za vidole. Hakuwa na rafiki wa kumtembelea. Hakuwa na hamu ya chakula, hakuwa na usingizi wa kutosha, wala kisingizio kilichobaki cha kuwapa walimu wake. Jua nalo lilikuwa limempa kisogo tangu afike London. Lakini kulikuwa na kitu kimoja alichokikosa kuliko hivyo vyote, naye hakukijua, kwa hiyo hakukitafuta.

Kijana huyu alitoka Muheza, mkoa wa Tanga. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea ufundi wa umeme katika chuo kimoja upande wa mashariki wa jiji, na alipanga chumba Kilburn, nyumbani kwa muuguzi Mkenya aitwaye Zipporah. Kila asubuhi Zipporah alifunga viatu vyake vya kazi mlangoni huku akimuuliza kama ameamka salama. Msabaha alijibu kwamba ameamka salama. Zipporah alimwachia chai kwenye birika, akaenda zake hospitalini akiwa ameridhika.

Kumbe kijana alikuwa anazama.

Shule ya msingi alikuwa wa kwanza darasani miaka yote. Mwalimu wake, Mwalimu Haifa, alikuwa na desturi ya kuandika mstari ubaoni, kuusoma kwa sauti, kisha darasa zima kuurudia. Hata sekondari walimu wengi walifundisha hivyo, na Msabaha alishika kila kitu kwa masikio. Lakini mwalimu wake wa London, Bi Maureen, alibonyeza mashine, mchoro wa nyaya ukatokea kwenye kioo kikubwa ukutani, akasema, "Kama mnavyoona hapa," kisha akabonyeza tena. Wenzake waliandika. Msabaha aliona ukungu wenye mistari. Aliamini kwamba wenzake wanaelewa kwa akili kubwa kuliko yake, na kwamba sifa zote za Muheza zilikuwa za mji mdogo.

Barabarani mambo yalikuwa hayo hayo. Treni za London husema zinakokwenda, na Msabaha alizipenda kwa sababu hiyo. Mabasi yameandikwa namba usoni, na yeye hakuweza kuijua namba mpaka basi limeshampita. Griffins, mtoto wa Zipporah, alizaliwa huko huko. Kiswahili alikielewa lakini alijibu kwa Kiingereza. Alimtania kwamba anasubiri basi kama mtu anayetafuta mchumba, yote anayaacha yapite. Msabaha alicheka naye, kisha akaingia chumbani na kuketi gizani.

Siku moja, katika mtihani wa vitendo kwenye karakana ya chuo, waliambiwa waunganishe nyaya kwa kufuata mchoro uliobandikwa ukutani. Msabaha alikodoa macho, akaunganisha kama alivyodhani. Alipowasha swichi palitokea mlio, harufu ya kuungua ikatanda, na taa za meza zote zikazimika. Mwenzake mmoja nyuma alipiga makofi. Darasa likacheka.

Bi Maureen hakucheka. Alimwita ofisini, akamuuliza anaendeleaje na masomo. Msabaha alijibu kwamba anaendelea vizuri, kisha akainamisha kichwa akangoja. Kwao mtu huulizwa hali, akasema nzuri. Huulizwa habari za nyumbani, akasema nzuri. Huulizwa za kazi na za mwili, na hapo, salamu zikishazunguka za kutosha na sauti ikishashuka, ndipo husema, "Nzuri, ila..." Kumwaga shida kwenye swali la kwanza ni utovu wa adabu. Msabaha alikuwa na hiyo "ila" mdomoni. Bi Maureen alimshukuru, akageukia kompyuta yake.

Baadaye chuo kilimpa onyo. Angefanya mtihani wa vitendo mara moja tena. Akishindwa, nafasi yake imekwisha, na kibali cha kuishi nchini humo kimekwisha nacho. Angerudi Muheza na begi lake, watu waliomsindikiza kwa ngoma wamtazame akishuka.

Jioni hiyo mama yake alipiga simu. Baada ya salamu ndefu alisema ana uchungu juu ya Suad, mdogo wake Msabaha, aliyekuwa darasa la tano katika shule ile ile ya Mwalimu Haifa. Mwalimu wake mpya alikuwa mtu wa kuandika kimya kimya. Suad alinakili vibaya, akaitwa mvivu mbele ya wenzake, na sasa alisema hataki shule tena.

"Mwambie, mwanangu," mama alisema. "Wewe akikusikia atatii. Mwambie kaka yake alivyokuwa wa kwanza."

Msabaha alitaka kumwambia kwamba huyo kaka naye anakaribia kufukuzwa. "Nitamwambia, mama," akasema. "Huku kwema kabisa."

Asubuhi ya mtihani alifika stesheni ya Paddington kichwa kikiwa kimejaa nyaya. Pale treni za kwenda mashariki na za kwenda magharibi husimama pande mbili za jukwaa moja, na kibao cha juu huonyesha ipi ni ipi. Siku nyingine zote alitegea sikio. Siku hiyo alikuwa anarudia masomo moyoni, na treni ilipofungua milango aliingia. Alishtuka treni ilipotoka chini ya ardhi na kuanza kupita migongo ya nyumba asizozijua. Alibaki ameketi kama mtu aliyepigwa ganzi mpaka sauti ilipotangaza Southall. Akashuka. Saa ya mtihani ilikuwa imeshapita.

Alikaa kwenye benchi la stesheni, upepo ukimkata masikio. Hakulia. Alifikiria namna ya kukata tiketi ya ndege bila mtu yeyote kujua, na uongo wa kuwaambia watu akifika. Baridi ilipomzidi alitoka, akafuata barabara yenye maduka ya vitambaa na matunda, asijue aendako.

Ghafla pua yake ikanasa harufu ambayo haikuwa ya nchi hiyo. Muhogo wa kukaanga, wenye pilipili na limao. Miguu ilimpeleka yenyewe mpaka kwenye mkahawa mdogo. Nyuma ya meza alisimama Singasinga mzee mwenye kilemba cha buluu na miwani minene. Msabaha alisema kwa Kiswahili, bila kufikiri, "Shikamoo, mzee."

Mzee aliweka chini kijiko. "Shikamoo? Basi wewe wa Tanzania. Sisi tuliozaliwa Kisumu, Kenya, hatukuwa nayo hiyo, lakini nimefurahi, marahaba. Mimi Surjit. Habari yako, kijana?"

"Nzuri."

"Habari ya nyumbani?"

"Nzuri, mzee."

"Masomo je? Naona begi."

"Nzuri."

"Na mwili? Maana uso wako umekauka kama chapati ya jana."

Hakuna mtu aliyekuwa amemfikisha Msabaha hapo tangu atue Uingereza. Alifungua mdomo aseme nzuri, na badala yake ikatoka ile "ila" iliyokaa ndani kwa miezi. Alisema yote: kioo cha darasani, moshi wa karakana, mtihani uliompita, na mama yake aliyedanganywa. Mzee Surjit alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia aketi, achague chakula. Orodha ilikuwa imeandikwa kwa chaki kwenye ubao ukutani.

Msabaha aliinuka, akausogelea ubao mpaka uso wake ukakaribia kuugusa.

"Kijana," mzee aliita taratibu. "Wewe unasoma kwa macho au kwa pua?"

"Kwa macho, mzee. Ila huwa nasogea."

"Kutoka hapo ulipokuwa umeketi, unaona nini?"

"Naona ubao una weupe weupe." Akafikiri kidogo. "Kwani wewe unaona nini?"

Mzee Surjit alivua aproni. Muhogo utangoja, alisema. Akamshika mkono, wakaingia duka la tatu kutoka hapo, ambapo binti wa rafiki yake, aitwaye Ushma, alipima watu macho. Ushma alimketisha, akamwonyesha karatasi ya herufi ukutani. Msabaha alisoma herufi kubwa ya juu na kuishia hapo. Ushma akamvika fremu nzito, akawa anatia kioo hiki na kutoa kile, kisha akamgeuza atazame nje ya dirisha.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na mti usio na majani, na kila kitawi kilisimama peke yake. Basi lilikuwa linakuja kutoka mbali sana, na namba yake ilikuwa imekaa usoni mwake, nyeupe na wazi, kama vile imekuwapo siku zote. Msabaha aliisoma kwa sauti. Hapo ndipo alipolia, akimfikiria mtoto wa darasa la tano aliyeitwa mvivu.

Mzee Surjit hakumwacha aondoke kabla hajapiga simu chuoni. Msabaha alisema afadhali aandike ujumbe. Mzee akasema ujumbe ni mahali pazuri pa kujificha, piga. Basi akapiga, na Bi Maureen alipouliza yu hali gani, alimeza mate akajibu kwenye swali la kwanza: hali yake si nzuri, na sababu ni hii. Bi Maureen alisema hawezi kumwahidi kitu, maana waamuzi ni wengi, ila alete cheti cha macho kesho.

Zipporah alipopata habari alikaa kitini na viatu vyake vya kazi. "Mimi ni muuguzi," alisema. "Natibu watu wa London mchana kutwa, na mgonjwa analala nyumbani kwangu ananiambia yuko sawa. Nami namwamini kwa sababu nina haraka." Griffins alisimama mlangoni bila utani wowote. Baadaye akasema kwa Kiswahili chake kilichovunjika, "Pole, bro. Sikujua."

Wiki zile za kungoja zilikuwa ndefu kuliko zote. Mwishowe chuo kilimruhusu. Alifanya mtihani wake akiwa na miwani mipya, akaunganisha nyaya kwa mchoro wa ukutani, akawasha swichi, na taa ikawaka. Hakushika nafasi ya kwanza, lakini alibaki.

Jumamosi alirudi Southall kumshukuru Mzee Surjit, naye akamwekea sahani ya muhogo mbele yake.

"Salamu zetu ni nzuri," mzee alisema. "Nimezitunza miaka yote hii, usiziache. Lakini mtu wa hapa akikuuliza hali, huenda hatauliza tena, basi mpe hali yako. Ukimpa adabu peke yake, ataichukua aende zake, akuachie shida. Na kwenu pia usizidanganye salamu. Ikifika zamu ya 'ila', iseme."

Kabla hajaondoka, Ushma alimpa karatasi ya herufi kama ile ya ukutani, akamwelekeza umbali wa kumsimamisha mtu.

Usiku huo huo Msabaha aliandika barua mbili. Kutuma picha ya karatasi ile kwa simu kusingefaa, kwani herufi zile lazima ziwe na ukubwa wake. Kwa Mwalimu Haifa aliandika kwamba karatasi itundikwe ukutani shuleni, kila mtoto asimamishwe mbele yake, na wa kwanza awe Suad. Asiyeona apelekwe hospitali, asiitwe mvivu. Kwa mama yake alianza hivi: "Shikamoo mama. Mimi ni mzima, ila nilikudanganya." Akaeleza yote.

Asubuhi alikunja karatasi ya herufi, akaitia pamoja na barua zote mbili katika bahasha kubwa aliyopewa na Zipporah. Akaifunga, akaibana kwa kiganja mpaka gundi ikashika, akaandika anwani ya shule ya Muheza, ambako Mwalimu Haifa angempa Suad ile ya mama. Aliyetumwa kununua stempu alikuwa Griffins, aliyetoka mbio bila kuvaa soksi. Msabaha alivaa koti lake la kuazima, akaenda mpaka kwenye sanduku jekundu la posta pembeni mwa barabara, akaisukuma ndani, akasimama kusikiliza mpaka aliposikia imeanguka.