Mgeni wa Chumba cha Nyuma

Mita ya luku ya Dorkasi ilikuwa inakula umeme wa watu wasiokuwepo. Wapangaji waliondoka mmoja mmoja; wa mwisho, Bupe wa wizarani, alitoka na blanketi mabegani huku Dodoma nzima inavuja jasho. Alisema chumba cha nyuma kina baridi isiyo ya haki. Tangu hapo Dorkasi, mjane, akawa anasonga ugali wa mtu mmoja.

Ndipo akamwita Octavian, kijana anayepima nyumba zinapopotezea umeme. Kodi aliitaka, ndiyo, lakini zaidi alitaka kusikia mtu anakohoa upande wa pili wa ukuta.

Octavian alimwamkia, akachomoa kila kitu, akazima swichi kubwa. Taa ya luku ikaendelea kupepesa, umeme bado unaliwa. Akatania kwamba labda panya wanapiga pasi. Kisha akaingia chumba cha nyuma na kamera yake inayoona joto na baridi, mchana kweupe, na humo mkanukia udongo uliolowa, wakati mvua ilikuwa na miezi haijagusa bati lile.

"Mama," akanong'ona, "nani amekaa kitandani?"

Kitanda kilikuwa kitupu. Kwenye kioo cha kamera mtu mweusi kama shimo, rangi ya baridi, alikuwa ameketi, magoti pamoja, kama mgeni anayengoja chai.

Dorkasi akakumbuka. Mama yake kule Kibakwe alimfundisha kwamba hodi ya wakati wa magharibi haijibiwi mpaka irudiwe, maana jini hapigi hodi mara mbili. Lakini jioni matanga ya mumewe Yotham yalipoisha, watu wametawanyika, hodi ilipigwa mara moja tu, naye akaitikia karibu. Mlangoni hapakuwa na mtu.

"Uliyemkaribisha, msindikize mwenyewe," alisema Octavian, mguu mmoja ushatoka nje. "Bibi yangu wa kule Busi alifanya hivyo. Mpaka barabarani, mama. Muage, basi."

Dorkasi akamsindikiza, akavuka uwanja na ubaridi ukiwa kwenye kiwiko chake, kuku wakitawanyika, ile harufu ya udongo ikimfuata puani, na nyayo zisizoonekana zikienda sambamba na zake, polepole, kwa adabu ya mtu anayetembea na mzee, na tangu matanga hakuwa ametembea na mtu.

Barabarani ubaridi ukasimama. Nyuma, nyumba ilikuwa kimya.

"Kwaheri," akasema. Kisha, kama alivyolelewa kumwambia kila mgeni anayeondoka, au kwa sababu ya kimya kile, akaongeza: "Karibu tena."

Alipogeuka, mlango aliouacha wazi ulikuwa unafungwa taratibu, kutokea ndani.

Jioni ile alisonga ugali wa watu wawili.