Salamu za Gunga

Haya yalimkuta mama yangu mkubwa, Mejumaa, na nataka kuyaeleza kwa utaratibu kwa sababu mjini yameshatiwa chumvi. Wapo wasemao yalitokea usiku. Hayakutokea usiku. Ilikuwa Jumamosi alasiri, jua kali, na chini ya dirisha letu watalii walikuwa wakichagua vinyago.

Mwaka ni 1998. Redio yetu ya mtaa ilikuwa ghorofa ya juu ya nyumba kongwe, mtaa wa Ndia Kuu, Mombasa, chumba kimoja ambacho kuta zake tulizibandika trei za mayai ili sauti isirudi. Mawimbi yake yalikuwa dhaifu. Ganjoni, nilikokuwa nikikaa, tuliipata vizuri. Ukifika Feri ilianza kukwaruza, na ukivuka kwenda Likoni huisikii tena. Musyoka, fundi wetu, ambaye siku za wiki alifanya kazi reli, alikuwa akisema mtambo ule unaogopa maji.

Kipindi cha Jumamosi kilianzishwa na Gunga, mtoto wa pekee wa mama mkubwa. Kilipiga kila kitu: taarab, kisha rumba ya Kongo, kisha gitaa la roki lililowafanya wazee wa barazani waulize ni nani anapasua mabati. Katikati Gunga aliuliza maswali ya historia ya roki. Bendi gani ilipiga mbele ya watu kwa mara ya mwisho juu ya paa la nyumba, London, Januari 1969? Mpiga gitaa gani wa mkono wa kushoto aligeuza juu chini gitaa la mkono wa kulia? Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na bado natafuta kazi, basi nilihakiki majibu. Sikuvumilia kosa hata la tarehe. Gunga aliniita Profesa.

Lilikuwapo swali moja alilolitumia kunichokoza. Lilimhusu yule mwimbaji maarufu wa roki aliyezaliwa Unguja. Hewani Gunga alilijibu sawasawa. Lakini nyumbani kwa mamake, tukiwa tunakula, alisema kwa uso mkavu kwamba mtu yule ni wa Pemba. Kila mara nilikasirika upya, nikataja mji, nikataja mwaka, mpaka mama mkubwa akacheka na kufuta machozi kwa ncha ya leso. Utani ule ulikuwa wetu sisi watatu. Haukuwahi kutoka nje ya nyumba ile.

Kipindi kilifungwa kwa salamu, na Gunga ndiye aliyeweka sharti. Ukisalimiwa, unapiga simu na kusema "zimefika". Usiposema, salamu zako zinasomwa tena Jumamosi inayofuata, na inayofuata, mpaka uzipokee. Watu walilipenda sharti hilo. Kuna mume mmoja wa Kibokoni aliyerudiana na mkewe kwa sababu, alivyosema, alichoka kusikia jina lake likitangazwa kama mbuzi aliyepotea.

Gunga aliajiriwa kwenye boti ya kuwapeleka mabaharia katika meli zinazongoja nje ya bandari. Mwezi wa Julai bahari ilichafuka na boti ikapinduka. Wenzake waliokolewa. Yeye hakuonekana, si siku ile wala baadaye.

Ukoo uliamua aswaliwe bila mwili, na matanga yakawekwa. Mama mkubwa hakuketi matangani. Alipika, akafua mashati ya mwanawe, akayapiga pasi. Aliyesema "marehemu Gunga" mbele yake aliambiwa kwa upole amalize kahawa yake aende. Akapungua mwili hata pete ikawa haimkai kidoleni. Sote tulikuwa na hofu moja, kwamba asipokubali mwanawe amekwenda, naye atamfuata.

Mimi na Musyoka tulikiendeleza kipindi. Jumamosi moja mama mkubwa akaja, akapanda ngazi zile za mbao akipumzika njiani, akamwomba Musyoka amsomee salamu zake. Musyoka alinitazama. Akasogeza maikrofoni, akasoma:

"Salamu zimfikie Gunga, popote alipo, kutoka kwa mamake."

Bila neno "marehemu". Na kwa kuwa hazikupokelewa, kwa sharti la Gunga mwenyewe, zilisomwa tena Jumamosi ya pili.

Siku hiyo nilipokuwa nikishuka, Bi Mwanaesha, mwenye nyumba aliyekaa chini, alinishika mkono.

"Yule mtu mwamwita," alisema taratibu. "Mwajua?"

Nikamwambia ni salamu tu, na kwamba huko aliko redio yetu haifiki.

"Mpiga hodi hupiga tatu, mwanangu. Nyinyi mushapiga mbili. Akijibu, mwambie mamako asimwitike. Asimwitike mtu asomuona."

Nilimpelekea mama mkubwa maneno hayo jikoni kwake. Nilimsihi. Alinisikiliza akikamua tui, mikono myeupe hadi vifundoni, na hakuinua macho.

"Kache," alisema, "kilio chake nimekiitika tangu alipozaliwa. Leo ndiyo nisiitike?"

Jumamosi ya tatu alikuja amevaa leso mpya, ananukia asumini. Akaketi kwenye kiti cha Gunga. Musyoka akasoma zile salamu, akaweka wimbo, na wimbo haujashika simu ikalia.

Niliipokea mimi. Kama kawaida, niliupunguza wimbo nikauelekeza mkono wa simu kwenye maikrofoni. Hapakuwa na mkwaruzo. Hapakuwa na upepo wala maji. Palikuwa na kimya, kisha:

"Zimefika."

Ilikuwa sauti ya Gunga. Ya karibu sana. Ya mtu aliyechoka.

Nilijiambia kwamba vijana wa kuiga sauti wako wengi Mombasa. Nilikuwa na njia moja tu ya kuhakiki, nikaitumia.

"Mpigaji, kwanza swali," nilisema. "Yule mwimbaji wa roki aliyezaliwa visiwani. Alizaliwa wapi?"

Msikilizaji wetu yeyote angesema Unguja. Tulikwisha kuwafundisha.

"Pemba," ikasema. "Haya, kasirika, Profesa."



Musyoka alinigusa bega. Hakuwa akiitazama simu. Alikuwa akitazama mtambo, kwenye ile sindano ndogo inayopanda kila sauti inapoingia. Nilipouliza ilipanda. Sasa ilikuwa imelala.

"Haisogei," alinong'ona. "Mbona tunamsikia?"

"Na mimi natuma salamu," ikaendelea. "Zimfikie mama. Huku ni baridi, mama. Sina wa kuzungumza naye."

Kisha ikanyamaza.

Ilikuwa ikingoja. Sote tulijua inangoja nini. Neno moja tu, na sharti limetimia.

Niliziba simu kwa kiganja. Nikamtikisia kichwa mama mkubwa. Alinitazama kwa muda, kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa. Akaushika mkono wangu. Akanifungua vidole kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Zimefika, baba," alisema. "Nimezisikia zote."

Sindano ikapanda. Simu ikakatika.

Aliinuka bila kushika ukuta, akasema ana njaa. Tangu Julai sikuwa nimemsikia akilitaja neno hilo. Tukashuka naye, akaketi kwenye baraza ya Bi Mwanaesha akala viazi vya karai, akalamba ukwaju vidoleni. Akacheka kidogo. Akaniambia nimkubalie tu mwenzangu, yule mtu awe wa Pemba, yataisha.

Bi Mwanaesha hakucheka. Redio yake ilikuwa imewaka kando yake muda wote ule. Alingoja mama mkubwa atangulie, akaniinamia sikioni.

"Mulikuwa mwazungumza na nani?" aliuliza. "Mimi nimekusikia wewe, kisha kimya. Kisha mamako."

Nilimfikisha mama mkubwa nyumbani. Alijilaza kidogo, akaniomba nimwamshe Magharibi. Adhana ilipoanza niliingia na kumwita. Nikamwita tena. Alikuwa amelala ubavu, mashati ya Gunga ameyakumbatia, na alikuwa ameshapoa, baridi ya mtu aliyekufa tangu jana. Ningeweza kusema usoni alikuwa na tabasamu, lakini sikuliona, na sitaki kuandika nisichokiona. Niliona mtu aliyepumzika.

Musyoka alikuwa akirekodi kila kipindi kwenye kaseti. Matanga yalipokwisha tuliisikiliza ya siku ile, pale pale redioni, mchana, mlango wazi. Wimbo upo. Swali langu lipo. Mahali pa jibu hapana kitu, kanda tupu inazunguka. Kisha, kwa uwazi wote: "Zimefika, baba. Nimezisikia zote." Nilishika meza. Nililia kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Kisha kanda tupu tena. Musyoka alinyoosha mkono azime. Nilimzuia, kwa sababu mimi husikiliza kitu mpaka mwisho.

Sindano imelala. Haikutikisika hata kidogo. Na tukasikia, sote wawili, sauti ya mama mkubwa, nyepesi, sauti ya mtu aliyekula akashiba:

"Salamu zimfikie Kache, Ganjoni, kutoka kwa mamake mkubwa na Gunga."

Musyoka alirudi kwao bara kabla mwezi haujaisha, na kipindi kikafa. Kaseti aliniachia mimi. Niliisikiliza mara moja zaidi, peke yangu, nikitaka kuwa na hakika na maneno. Maneno ni yale yale. Ila safari hii salamu zilisomwa mara mbili.

Sijaigusa tena. Nawapenda wote wawili, na hapo ndipo ilipo hatari, kwa sababu neno la kuitikia ni fupi na huwa liko tayari mdomoni. Kwa hiyo ukinikuta Ndia Kuu Jumamosi alasiri ukaniita kwa nyuma, nami nisigeuke, usidhani nina kiburi. Pita kwanza mbele yangu, nikuone.