Barua Iliyolala Daftarini

Jumatatu, tarehe 9 Juni. Manyunyu yalianza kabla ya mapambazuko, na Chiriku, mwanafunzi wa darasa la sita, alitembea amelikumbatia daftari lake lisilowe. Jina hilo alipewa kwa domo lake. Tangu aamke mpaka alale alikuwa anasema.

Ndani ya daftari mlikuwa na barua ya kliniki. Wifi yake, mjamzito wa miezi sita, alikuwa amekutwa na kaswende, ugonjwa unaoambukizwa kwa kujamiiana, akachomwa sindano. Sasa muuguzi alimtaka mume naye aje apimwe, la sivyo ugonjwa ungemrudia mama na kumfikia mtoto tumboni. Wifi aliona haya kumkabidhi mumewe barua hiyo. Akamtuma Chiriku ampelekee kaka yake kazini, akamwambia tu kwamba ni ya lazima, kwa ajili ya mtoto.

Kwenye karakana ya useremala, mafundi walikuwa wakimtania kijana mwenzao, mpaka rangi aliyekwenda kupima damu kwa hiari. Eti anautafuta ugonjwa kwa tochi. Wakambatiza Mgonjwa Mzima. Kaka akacheka kuliko wote.

"Mimi mke wangu anapimwa kliniki," alisema. "Tunakula chungu kimoja. Akiwa mzima yeye, mimi nina nini?"

Barua ilikuwa na muhuri wa kliniki, na Chiriku aliona kuitoa pale ni kumtupa kaka yake kwenye ndimi zile. Akageuka nayo. Jioni wifi alipouliza, akajibu kwamba ameshampa, na baada ya uongo huo akaogopa kuitoa tena.

Wifi akangoja mumewe aseme neno. Hakusema. Akadhani amekataa, naye akameza uchungu wake. Nyumba ikanyamaza, hata Chiriku.

Mwishoni mwa Agosti, kabla ya siku zake kutimia, mtoto alizaliwa bila kulia.

Muuguzi, mama mtu mzima, alimwita kaka kwenye ukumbi wa kliniki, akamuuliza kwa nini hakuitikia wito. Kaka akauliza wito gani. Ndipo Chiriku akafungua daftari lake, akaitoa barua.

"Nilidanganya, kaka. Niliogopa watakucheka."

Kaka akaisoma barua, akaketi sakafuni. Hakumkaripia, na hilo lilimuumiza Chiriku kuliko fimbo. Nyuma ya pazia wifi alilia mpaka sauti ikakauka.

"Umekosa kudanganya, mwanangu, na uongo huu umetugharimu," muuguzi alimwambia. "Lakini mzigo wote si wa mabega yako. Sisi watu wazima ndio tuliofanya kupima kuwe aibu." Kisha akamgeukia kaka. "Damu ya mkeo haitoi habari za damu yako, baba. Ugonjwa huu unaonekana kwa tone moja la damu, na dawa ipo. Mkeo tutamtibu tena. Usipopima wewe, tutarudi hapa hapa."

Mlangoni walisimama mafundi wenzake, wamebeba kisanduku kidogo walichokipigilia asubuhi ile. Hakuna aliyetania. Kaka akainuka, akamshika mkono yule mpaka rangi.

"Nilikucheka," alisema, na wote wakasikia. "Mbele yako, mbele ya hawa, na mbele ya Mungu, naahidi: leo, kabla sijamzika mwanangu, napimwa. Damu yangu mwenyewe."